Safari ya Krismasi: Ni nani anayemwangalia mtoto?

Desemba ni mwezi wa pilkapilka. Shule zimefungwa, nauli zimepanda, na katika nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa na Nakuru mazungumzo ya jioni ni yale yale: tutaondoka lini, tutabeba nini na nani atalala wapi. Wenye furaha kuliko wote ni watoto wadogo. Kwao, mashambani ni kuku wa kufukuzwa, miembe ya kukwea, binamu wasiohesabika na nyanya asiyejua kukataa ombi.

Hakuna daktari atakayekushauri umnyime mtoto furaha hiyo. Mimi mwenyewe ni baba wa watoto watatu, na kila mwaka hujipanga barabarani kama wewe kuelekea kwetu Kakamega. Hata hivyo, kila Januari hukutana katika chumba changu cha matibabu na wazazi ambao likizo yao ilimalizikia wodini. Wengi husema maneno mamoja: "Daktari, ajali haina kinga."

Methali hiyo ni ya wahenga, nami nawaheshimu wahenga. Lakini naomba leo nikusimulie kisa ambacho kwa muda mrefu nilikionea haya, kisha uamue mwenyewe kama kweli haina kinga.

Chupa nyuma ya mlango

Ilikuwa Desemba 2013. Tulifika kwa mama yangu jioni ya tarehe 23, baada ya safari ya siku nzima kupitia Nakuru, Kericho na Kisumu. Kitinda mimba wetu alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane, umri ambao mtoto ana miguu ya kukimbia lakini hana akili ya kuogopa.

Siku ya Krismasi nyumba ilijaa. Nilihesabu watu wazima kumi na tisa. Watoto sikuwahesabu kwa kuwa hawakutulia mahali pamoja. Mbuzi alichinjwa, chapati zilisukumwa tangu alfajiri, na kreti tatu za soda zililetwa kutoka sokoni. Mwendo wa saa tisa alasiri nilikuwa chini ya mwembe pamoja na ndugu zangu, tukichoma nyama na kupiga soga.

Mke wangu alidhani mtoto yuko nami. Mimi nilidhani yuko na mama yake. Mama yangu, aliyekuwa jikoni, alidhani yuko na binti za dada yangu. Nao wasichana walidhani amelala. Kwa hivyo mtoto alikuwa na walezi kumi na tisa, na hakuwa na hata mmoja.

Alikuwa chumbani mwa nyanya yake. Nyuma ya mlango palikuwa na chupa ya soda iliyozibwa kwa kipande cha gunzi, na ndani yake mafuta taa ya koroboi. Tangu asubuhi kila mtu alikuwa akimwonjesha soda kutoka katika chupa kama ile. Alifanya tu lile tulilomfundisha sisi wenyewe. Tulichosikia ni kikohozi, halafu kilio cha shemeji yangu aliyemkuta amelowa kifuani, kinywa kikinuka mafuta.

Msomaji, yaliyofuata unaweza kuyakisia. Mmoja alikuja mbio na kikombe cha maziwa. Mwingine alileta mafuta ya kupikia. Wa tatu alipaza sauti: "Mtapisheni! Mtieni kidole!" Nami, daktari mwenye shahada iliyotundikwa ukutani, nilimpakata mwanangu, na kidole changu kilikuwa tayari mdomoni mwake wakati elimu yangu iliponirudia. Nilikitoa. Hadi leo nikikumbuka, mkono huo hunitetemeka.

Kwa nini hatutapishi

Yafaa ieleweke kwamba hatari kubwa ya mafuta taa haiko tumboni. Iko mapafuni. Mafuta haya ni mepesi, na mtoto anapoyameza au anapokohoa, kiasi kidogo tu kinaweza kuteleza kikaingia katika njia ya hewa. Yakifika mapafuni huyaunguza na kuleta nimonia mbaya. Ukimtapisha unayarudisha kooni mara ya pili, na kuyapa nafasi nyingine ya kuingia mahali pasipofaa. Maziwa na mafuta ya kupikia hayaui sumu hiyo. Aghalabu humfanya mtoto atapike, na matokeo huwa yale yale.

Basi mtoto wako akinywa mafuta taa au petroli, usimtapishe wala usimpe kitu cha kunywa. Mvue nguo zilizolowa mafuta na umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Mkalishe wima, kisha umpeleke hospitalini mara moja hata kama anaonekana mzima, kwa maana dalili za mapafu zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Beba chupa yenyewe ili daktari aone alichokunywa.

Sisi tulisafiri karibu dakika arobaini katika barabara ya matope. Mke wangu alimshika, nami nilimwachia ndugu yangu usukani nikahesabu pumzi kwa saa yangu ya mkononi: arobaini na nne kwa dakika moja, baadaye arobaini na tisa, kisha hamsini na sita. Mtoto wa umri ule akivuta pumzi mara arobaini au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, hiyo ni dalili ya hatari. Nilijua kila kitu kinachoweza kutokea, na kujua huko hakukunisaidia kwa lolote. Alilala hospitalini siku mbili akipewa oksijeni. Siku ya tatu aliomba chapati, nasi tukajua ameponea.

Nyumba haikuwa na mtoto

Tuliporudi, mama alikuwa ameondoa kila chupa nyumbani mwake, hata ya asali. Mtoto alimkimbilia kama kawaida yake, lakini hakumwinua. "Mpeni mwingine amshike," alisema. "Mimi nimezeeka."

Maneno hayo yaliniuma kuliko siku zile mbili za wodini. Kwa maana kosa halikuwa lake. Chupa ile ilikaa nyuma ya mlango ule miaka na miaka, na haikumdhuru mtu, kwa sababu nyumba haikuwa na mtoto mdogo. Mimi ndimi niliyemleta mtoto, na mimi ndimi ambaye kila juma huwaambia akina mama kliniki waweke mafuta mahali pa juu. Nilifika kwa mama yangu, nikavua viatu, nikanywa chai, na udaktari wangu nikauacha garini.

Usiku huo nilimwambia hayo yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Basi mwaka ujao ukija, zunguka nyumba yangu kabla ya kunywa chai."

Mpendwa msomaji, huo ndio ushauri bora wa kitabibu niliowahi kupewa kuhusu likizo, nami naupitisha kwako kama ulivyo.

Zunguka kabla ya chai

Unapofika kwa wazazi au kwa jamaa, omba ruhusa kwa adabu, kisha uzunguke nyumba na ua kwa muda wa robo saa. Piga magoti uone dunia kama mtoto anavyoiona. Tafuta mambo haya:

Kwanza, sumu. Pamoja na mafuta taa, angalia dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya kuhifadhi mahindi ghalani, dawa ya panya na sabuni kali za maji. Zote zihamishwe mahali pa juu palipofungwa, na kila kitu kibaki katika chombo chake cha asili. Chupa ya soda ni ya soda.

Pili, dawa za wazee. Nyanya na babu wengi hutumia tembe za shinikizo la damu na za kisukari, na mara nyingi huziweka mezani au chini ya mto ili wasisahau. Tembe moja tu au mbili za baadhi ya dawa za kisukari zinaweza kumshusha mtoto sukari ya damu hadi apoteze fahamu. Usiwakemee wazee, watafutie kikapu kidogo na msumari wa juu ukutani.

Tatu, maji. Kisima kisicho na kifuniko, bwawa la samaki, pipa la maji ya mvua, hata ndoo iliyojaa nusu. Watu hudhani mtoto anayezama atapiga kelele. Sivyo. Mtoto mdogo huzama kimya kimya, na maji ya kina cha sentimita chache tu yanatosha kumziba pua na mdomo.

Nne, moto. Jikoni mwa mashambani sufuria hukaa juu ya mafiga, kimo kile kile cha uso wa mtoto. Weka mpaka wa wazi ambao mtoto havuki: benchi, mbao au mtu. Na kama kwenu ni mahali pa baridi kama Limuru au Nyandarua, kamwe usilale na jiko la makaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na watu wengi wamelala nayo wasiamke tena.

Tano, mbwa. Mbwa wa nyumbani anawajua wenyeji, hamjui mtoto wako. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umpeleke akapate chanjo siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, lakini kabla ya hapo kinazuilika kabisa.

Kofia ya zamu

Hata hivyo, kuzunguka nyumba hakutoshi. Kilichomponza mwanangu hakikuwa chupa pekee; ilikuwa pia ile imani kwamba palipo na watu wengi mtoto yuko salama. Ukweli ni kinyume. Nyumbani kwako mjini unajua kwamba ukigeuka hakuna mwingine. Kwenye sherehe kila mtu anamtegemea mwenzake.

Katika familia yetu tuna kofia ya kijani. Anayeivaa ndiye mwenye zamu ya kuwaangalia watoto walio chini ya miaka mitano. Zamu ni ya nusu saa. Mwenye kofia hachomi nyama, hanywi pombe na hashiki simu. Wala haruhusiwi kuivua mpaka mwingine aichukue na aseme kwa sauti: "Nimewapokea." Wajomba zangu walicheka sana mwanzoni. Sasa wao ndio wanaouliza kofia iko wapi. Wewe unaweza kutumia leso, shanga au kitu chochote kile, muhimu ni kwamba wakati wowote ukiuliza "nani anawaangalia watoto?", jibu liwe jina la mtu mmoja.

Usimpe zamu hiyo mtoto wa miaka minane. Anaweza kucheza na mdogo wake, lakini hawezi kubeba dhamana ya uhai wake.

Akiungua, akipaliwa

Yapo mambo mawili yasiyosubiri gari, na kila mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kuondoka nyumbani.

Mtoto akiungua kwa maji moto, uji au mafuta, mwondoe nguo iliyolowa isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi, kisha umwagie jeraha maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20 kamili. Si barafu. Huku ukifanya hivyo, mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala siagi. Vitu hivi hufungia joto ndani na kuleta uchafu. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitalini.

Kupaliwa ni jambo la dakika chache. Krismasi ni msimu wa njugu karanga, peremende na mifupa midogo ya kuku. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, na asile huku akikimbia. Akipaliwa naye bado anakohoa na kulia, mwache akohoe. Akishindwa kupumua au kutoa sauti, mwinamishe na umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Ikiwa hakijatoka na ana zaidi ya mwaka mmoja, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na usukume kwa nguvu ndani na juu mara tano. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asisukumwe tumbo. Mlaze chali na umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia kwa zamu hadi kitoke. Akipoteza fahamu, anza kumsukuma kifua na kumpulizia hewa huku mwingine akitafuta gari. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona.

Tumbo la likizo

Nyama ya jana iliyofunikwa kwa sinia, maji ya mto, mikono iliyoshika mbuzi kisha chapati: si ajabu kwamba kuhara ni mgeni wa kila Krismasi. Chemsha maji ya kunywa ya watoto, pasha chakula cha jana mpaka kichemke, na weka sabuni karibu na choo.

Mtoto akianza kuhara, linalomuua ni kupungukiwa na maji. Beba pakiti kadhaa za ORS kutoka mjini. Hazina uzito wala bei kubwa. Changanya kama pakiti inavyoeleza. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, na wa miaka miwili na zaidi 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vitasaidia mpaka mfike kituoni. Usizidishe chumvi. Soda si dawa ya kuhara; sukari yake nyingi huweza kuzidisha tatizo.

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Uliza kituoni tembe za zinki, ambazo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 na hupunguza muda wa ugonjwa. Ukiona macho yamebonyea, hakojoi, analegea, anatapika kila kitu au kinyesi kina damu, usingoje asubuhi.

Mbu hawajui kwamba wewe ni mgeni

Mwisho ni malaria. Binamu wa mashambani aliyezaliwa karibu na Ziwa Victoria ameumwa na mbu tangu uchanga, na mwili wake umejenga kinga kiasi. Isitoshe, chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini mwaka 2019 katika baadhi ya kaunti za magharibi. Mtoto wako aliyekulia Nairobi hana kinga hiyo. Wakilala kitanda kimoja na wakaumwa na mbu yule yule, wako ndiye anayeweza kuzidiwa haraka zaidi.

Kwa hivyo, ukienda sehemu za ziwani au Pwani, beba chandarua chenye dawa hata kama umeambiwa kipo. Wageni wengi humaanisha watu kulala sakafuni, na watoto wanaolazwa sakafuni mara nyingi hukosa chandarua. Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu aonwe na daktari kabla ya safari kwa ushauri wa dawa za kinga.

Homa ya malaria kwa kawaida huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Maana yake ni kwamba wengi huugua wakiwa wamesharudi mjini, shule zikifunguliwa. Mtoto akipata joto katika majuma yanayofuata safari, mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo na umwambie daktari waziwazi: "Tulikuwa mashambani." Usianze na dawa ya dukani, wala usimpe aspirini. Nimeona watoto waliotibiwa mafua siku nne kwa sababu hakuna aliyetaja safari.

Zamu ya kwanza

Desemba 2014 tulirudi Kakamega, nami nilikuwa na wasiwasi moyoni. Mama alitupokea mlangoni, akachukua mkoba wangu na kusema: "Chai haijaiva. Anza kuzunguka." Nilizunguka. Mafuta taa yalikuwa ndani ya mtungi wa bluu wenye kifuniko cha kukaza, juu ya kabati, umefungiwa kwa kufuli. Aliniangalia nikitazama, asiseme neno.

Siku ya Krismasi nilipoitoa ile kofia na kueleza kazi yake, kabla mtu mwingine hajanyoosha mkono, mama aliinuka kwenye kiti chake. Aliivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa, akamwinua mjukuu wake na kusema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mwembe: "Nimewapokea."

Sasa kitinda mimba yule ni kijana wa shule, na mapafu yake ni mazima. Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini pia walisema tahadhari kabla ya hatari. Nakutakia safari njema, msomaji. Ukifika, kabla hujakaa kitako kuinywa chai hiyo tamu ya maziwa, simama kidogo. Zunguka.